Tufani Tuliyoibeba Hadi Taveta

Jamani, mmeniuliza sana. Rukia aliniuliza kwenye foleni ya chakula, Mercy akaniuliza maabara, na mara zote mbili nilijibu "kulikuwa kuzuri tu" nikatazama viatu vyangu. Mnanijua. Watu watatu wakinikodolea macho kwa pamoja, maneno hunikimbia. Basi nimeandika. Someni, pokezaneni, ila msisome kwa sauti nikiwapo.

Kwanza mjue tulikwenda kufanya nini. Kaka yangu Kazungu, yule anayefanya kazi bandarini, anataka kumwoa Wakesho, ambaye kwao ni Taveta. Kwetu sisi, safari ya kwanza ya kubisha hodi kwa wakwe, muoaji mwenyewe haendi. Huenda shangazi yake, akawaangalia watu na wao wakamwangalia, kisha akarudi na jibu: kijana aje, au abaki kwao. Kwa hiyo akatumwa Shangazi Mbeyu. Mimi nikatumwa nimbebee sanduku, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, na kwa kuwa, kama alivyosema mama, "Dama hatamwaibisha mtu, hasemi."

Ndani ya sanduku mlikuwa na kipimahewa. Baba yake Wakesho, Mzee Mwadime, hulima maharagwe, na alimwambia Kazungu kwenye simu, nusu utani nusu kweli, kwamba mvua humharibia maharagwe aliyoanika kila msimu. Nyinyi wa baharini, akasema, mna vyombo vya kujua mvua kabla haijafika. Niletee kimoja. Kikisema kweli, nitamwamini na aliyekileta.

Kazungu akauchukua ule utani kama amri. Akatafuta mpaka akapata kipimahewa kilichotoka kwenye meli kuukuu, na mafundi wa Bombolulu wakakichongea fremu ya mti yenye maneno kuzunguka uso wake: Tufani, Mvua, Geugeu, Shwari, Kavu. Kilipendeza, sitaki kudanganya. Hata mimi nilikitaka.

Mishomoroni, kabla ya kuondoka

Kabla ya safari kilining'inia sebuleni kwetu, nami ndiye niliyekaa nacho, maana wenzangu wote walikuwa na shughuli. Kina mishale miwili. Mweusi hutembea wenyewe. Wa shaba huusukuma kwa kidole, ukaulaza juu ya mweusi, ili ukirudi baadaye uone mweusi umekwenda upande gani. Ndani yake mna kikopo chembamba cha chuma kisicho na hewa. Hewa ya nje ikiwa nzito hukibana kikopo, mshale ukapanda kuelekea Shwari. Hewa ikiwa nyepesi, kikopo hutanuka kidogo, mshale ukashuka kuelekea Mvua. Hewa nzito hutulia juu ya nchi, mawingu hayajengeki. Hewa nyepesi huinuka na kubeba unyevu juu, na huko juu ndiko mvua inakotengenezwa. Haya yote yamo katika kitabu cha kidato cha tatu, mnaweza kuangalia.

Kitu ambacho sikukiona kitabuni ni hiki: kila siku, hata jua likiwaka kama tanuri, mshale ulipanda polepole mpaka karibu saa nne asubuhi, ukashuka mpaka alasiri, ukapanda tena jioni. Nikamwonyesha Shangazi Mbeyu. Yeye hununua samaki pale kwenye mkono wa bahari ili akaange jioni, kwa hiyo maisha yake yote ni maji yamejaa au maji yamekupwa.

"Ala! Kumbe hewa nayo hujaa na kupwa?" akasema. Kisha akakaa akikitazama, mikono kiunoni. "Lakini bahari huchelewa kidogo kila siku. Hii haichelewi. Hii ina adabu."

Asubuhi ya kuondoka mshale ulikuwa umekaa vizuri kabisa kati ya Geugeu na Shwari. Kazungu alikuwa amekirekebisha kwa kile kiskurubu cha nyuma, akabandika karatasi ya gundi juu yake, akatuapisha. "Mtu asiguse hapa. Hata Mzee mwenyewe asiguse. Nimekipanga sawasawa."

Kilikuwa sawasawa kwa Mishomoroni. Hilo hakuna aliyelifikiria.

Miritini hadi Voi

Tulipanda treni ya asubuhi. Shangazi alikuwa amefunga mahamri na mbaazi kwenye bakuli, na hata hatujafika Mariakani bakuli likawa wazi na jiko letu lote likanukia mle behewani. Mbele yetu alikaa Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Mji wa Kale, akienda Voi kumwona binti yake aliyejifungua. Shangazi akamkaribisha mahamri, naye akatukaribisha visheti, tukawa jamaa.

Nikafungua sanduku kidogo kuangalia. Bi Zuhura akaona ule uso wa kioo na mishale, na papo hapo akaanza kukunja mkono wa buibui.

"Nipime na mimi, mwanangu. Presha yangu hupanda, wallahi, daktari ameshanikataza chumvi."

Shangazi akajibu kwa niaba yangu. "Hiki si cha hospitali, dada. Hiki hupima hewa ya dunia."

"Basi kama chapima dunia nzima, mimi nitaachwaje?" Akanyoosha mkono. Nikakiweka kile chombo juu ya kiganja chake, maana kukataa kungekuwa kugumu zaidi. Akakitazama kwa heshima. "Chasema nini?"

Nikatazama. Mshale mweusi ulikuwa umeuacha wa shaba mbali. Ulikuwa umeipita Geugeu, unaingia Mvua.

"Chasema... Mvua," nikanong'ona.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Zuhura. "Basi mimi sijambo."

Nje dirishani jua lilikuwa linachoma vichaka. Hakuna wingu. Tulipokaribia Voi nikaangalia tena: Tufani. Shangazi akaangalia, akaangalia dirishani, akatoa leso mkobani akakifunika kile chombo kama anayefunika mtoto asipigwe na baridi.

"Usimwambie mtu," akanionya. Mimi! Mimi nimwambie nani?

Voi, na yule bwana wa pama

Basi la kwenda Taveta lilisubiri abiria nalo lilikuwa nusu tupu. Tulikaa kibandani tukanywa chai ya maziwa na viazi karai, ambavyo Shangazi alivionja akasema hawajui kuvipika huku, kisha akavimaliza. Kitu kilichokuwa kikimsumbua kilikuwa kingine.

"Dama mwanangu," akasema, "kwenda kwa wakwe na zawadi inayosema tufani ni mkosi. Watasema tumewaletea balaa mlangoni. Na kumfikia Mzee mikono mitupu baada ya ahadi, hilo nalo ni baya. Nifanye nini?"

Nikasema labda kimeharibika kwa mtikisiko. Hilo likamuumiza zaidi. Kazungu atakataliwa kwa ajili ya chombo kibovu, akasema, na yule mtoto anampenda Wakesho mpaka ameanza kupiga pasi nguo zake mwenyewe.

Nikafunua leso nichungulie mara moja tu. Nyuma yangu pakatoka sauti: "Ee! Tufani?" Alikuwa bwana mmoja mwenye kofia ya pama, mfanyabiashara wa ndizi, naye pia akisubiri basi. Alikuwa amesoma neno lile lililochongwa kwa ufundi wote wa Bombolulu, na haikuwezekana kulitoa akilini mwake.

"Mmekitoa wapi? Baharini? Cha meli?" Akavua pama. "Hivi haviongopi." Akatoa simu. "Hallo! Mama Shali! Anua nguo. Ingiza mbuzi. Hapana, si mimi ninayesema, chombo cha meli kinasema. Waambie na jirani."

Shangazi akamwambia kwa upole kwamba labda hana haja ya kupiga simu. Akasema usijali mama, nina vocha.

Mwatate na Maktau

Barabara kutoka Voi hupanda. Huioni sana ikipanda, lakini injini huisikia. Mwatate palikuwa na hewa ya ubaridi kidogo, na mshale ulikuwa umezama zaidi. Tulipofika Maktau ulikuwa umepita hata neno Tufani, ukasimama juu ya ua la nakshi ambalo fundi alilichonga mahali pasipokuwa na maneno. Yaani dunia ilikuwa imekwisha.

Hapo basi likasimama. Si kwa dhoruba, ni ndovu. Walikuwa wamesimama barabarani, wakubwa na mtoto mmoja, na dereva akazima injini akasema tusipige kelele, hawa hawana ratiba. Tukakaa. Bwana wa pama akapita kitini hadi kitini akiwaeleza abiria kwamba wanyama hujua: mnaona, wametoka porini, wanaikimbia tufani. Watu wote wakatoa simu zao. Nikasikia mtu akiamuru kuku wafungiwe jikoni. Shangazi alikuwa amefumba macho; nafikiri alikuwa anasali.

Mimi niliulaza mshale wa shaba juu ya ule mweusi. Sikuwa na kazi nyingine.

Ndovu wakaondoka walipotaka. Kutoka Maktau barabara inateremka kuelekea Taveta, na mlima mkubwa ulikuwa mbele yetu, kichwa chake nje ya mawingu. Nikachungulia chini ya leso. Mshale mweusi ulikuwa umepanda. Kidogo, lakini umepanda. Ulikuwa umeacha ua la nakshi ukarudi kwenye herufi ya kwanza ya Tufani. Tukateremka zaidi, ukapanda zaidi.

Mbingu ilikuwa ile ile. Jua lile lile. Kilichobadilika ni barabara peke yake. Nikahisi damu ikinipanda mashavuni, kama pale mwalimu anapouliza swali na unajua jibu na huwezi kuinua mkono.

Kwa Mzee Mwadime

Nilidhani nitamwambia Shangazi tukishuka. Lakini tuliposhuka, habari ilikuwa imeshafika zamani. Njia nzima watu walikuwa wanaingiza vitu ndani. Nyumbani kwa Mzee Mwadime tulimkuta mwenyewe, mrefu, mwembamba, akisukumia gunia la mwisho chini ya paa la jikoni.

"Shikamoo, baba," Shangazi akasema.

"Marahaba. Karibuni. Nimesikia mmekuja na tufani." Hakucheka.

Mama yake Wakesho alitupokea vizuri sana, akatupa kimanga cha maharagwe na muhogo uliopondwa, chenye moto, na Wakesho akanikumbatia mpaka nikasahau kuona haya. Lakini Mzee alikula akitazama mlango. Maharagwe yake yalikuwa hayajakauka. Yakifungiwa kwenye magunia yakiwa mabichi hupata joto, yanaota ukungu, nami niliinusa ile harufu ya unyevu ikitoka jikoni. Usiku haikunyesha hata tone.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi kama sahani. Mzee akaja sebuleni akavuta kiti.

"Mama," akamwambia Shangazi, "hebu nikione hicho chombo."

Shangazi akafungua leso polepole. Tufani. Mzee akatoka nje akatazama juu, akarudi.

"Nimefungia maharagwe yangu kwa neno la chombo hiki. Jirani zangu wamefungia yao. Sasa nauliza: kinachoongopa ni chombo, au ni aliyekituma?"

Shangazi ni mwanamke mwenye maneno, mnamjua, hata kondakta humwogopa. Pale alishika leso tu. Nikaona mikono yake inaikunja na kuikunjua. Na Wakesho kasimama mlangoni na birika la chai, hamimini.

"Babu," nikasema.

Wote wakageuka. Nikatazama birika, nikaliambia birika.

"Hakiongopi. Hewa ni kama bahari, na sisi tunatembea chini yake. Kwetu Mishomoroni tuko kwenye sakafu kabisa, hewa yote iko juu yetu. Hapa tumepanda, hewa nyingine tumeiacha chini, iliyobaki juu yetu ni nyepesi. Chombo hakijui kwamba tumesafiri. Kinadhani bado kimeangikwa sebuleni kwetu, na hewa imekimbia ghafla. Ndiyo maana kinapiga yowe."

Nikadhani nimeharibu.

"Una umri gani?" Mzee akauliza, na kabla sijajibu akasema, "Hapana. Nionyeshe."

Kilimani kwa pikipiki

Kumbe Mzee Mwadime ana pikipiki, na huiendesha kama kijana anayekimbizwa. Nyuma ya shamba kuna kilima chenye njia ya mawe. Nilikaa nyuma, kipimahewa tumboni, Shangazi akipiga kelele, "Mzee, huyo ni mtoto wa watu! Polepole! Dama, shika chombo! Wee, shika Mzee kwanza!"

Chini ya kilima niliulaza mshale wa shaba juu ya mweusi. Tukapanda mpaka juu. Mzee akazima pikipiki akachungulia. Mweusi ulikuwa umeshuka, nafasi ya unene wa ukucha, lakini ilionekana. Akageuza, tukateremka, akasimama palepale tulipoanzia. Mishale ilikuwa imelala pamoja tena kama haikuwahi kuachana.

Akatupandisha mara ya pili. Nafikiri ya pili ilikuwa kwa raha yake.

Tuliporudi alichukua kisu, akaniuliza kama anaruhusiwa. Ilibidi nivunje kiapo cha Kazungu. Tukang'oa ile karatasi ya gundi, akazungusha skurubu polepole mpaka mshale ukasimama Geugeu. Nikamwambia sasa hapa ndipo nyumbani kwake. Maneno asiyaamini sana, atazame mwendo: mshale una kujaa na kupwa kwake kila siku, na hilo si kitu. Ukishuka kuliko kupwa kwake kwa kawaida, ndipo atafute turubai.

"Kwa hiyo tufani haipo," akasema.

"Haipo, babu."

Akapaza sauti: "Toeni maharagwe! Na chakula kiliwe nje!"

Chakula cha mchana

Maharagwe yakatandazwa juu ya maturubai, uwanja mzima, mekundu yaking'aa. Jirani wakaona, nao wakatoa yao. Meza zikawekwa kando, wazee wa ukoo wakaja, wali, ndizi na kuku wa kienyeji vikaletwa. Shangazi alikuwa amevaa leso yake mpya ya sherehe na ulimi wake umerudi. Alimsifu Kazungu mpaka mimi mwenyewe nikatamani kumjua kijana huyo. Kilichobaki ni Mzee kusimama na kutoa jibu. Akanawa mikono. Akasimama.

Tone likaangukia sahani yangu.

Nikaangalia juu. Kutoka upande wa mlimani kulikuwa kumekuja kiwingu kimoja, kijivu, si kikubwa kuliko shamba. Tone jingine. Kisha yote kwa pamoja.

(Nilipomuuliza mwalimu wa fizikia baadaye, aliniambia kwamba huku kwetu karibu na ikweta mvua nyingi ni za namna hiyo, wingu la mahali pamoja, na mshale hauzihisi hata kidogo. Ingenisaidia kulijua hilo siku ile.)

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama pale. Lakini hapakuwa na nafasi ya kumezwa. Shangazi alikuwa ameshavua leso yake mpya, ameitandaza juu ya maharagwe, anayafagia kwa mikono yote miwili na kuyafunga kama mtu anayeokoa samaki kwenye nyumba inayoungua. "Wazee, kunjeni pembe! Si hivyo, hivi! Wee mwenye koti, utalipiga pasi kesho!" Wazee wa ukoo wakakunja. Mama Wakesho akashika pembe moja ya turubai, mimi nyingine, tukakimbia hadi jikoni tukamwaga, tukarudi. Mzee alikuwa amepiga magoti akikusanya kwa kofia. Yaliloa machache tu.

Mvua ikakatika kabla hatujapata pumzi. Jua likatoka kana kwamba halijui lolote. Tukasimama chini ya paa la jikoni, tumelowa wote, tumebanana kati ya magunia, maharagwe yamenasa kwenye nywele za Shangazi. Nikamwambia Mzee samahani, nikaliambia gunia.

"Wewe ulisema tufani haipo," akanijibu. "Ile ilikuwa tufani?"

"Hapana, babu."

"Basi." Akapangusa uso, akamtazama Shangazi na ile leso yenye matope, mabega yakaanza kumtikisika, na nikachelewa kutambua kwamba anacheka. Mkewe akaanza, wazee wakaanza. Akanyoosha mkono. "Nipeni simu. Mpigieni huyo kijana."

Wakesho alishampigia kabla sentensi haijaisha. Mzee akaiweka simu sikioni kinyumenyume, Wakesho akamgeuzia.

"Kazungu? Mimi Mwadime. Watu wako ninao hapa, wameloa. Sikiza. Njoo mwenyewe." Akatega sikio kidogo, huku kelele za Kazungu tukizisikia wote. "Ndiyo, nimesema njoo. Ila usiniletee chombo kingine."